Mizani ya Bi Eduvijes

Leo wamemzindua. Sanamu ya shaba,
kofia ya duara imekaa wima kichwani.
Yeye hakuivaa wima hata siku moja,
aliilaza kushoto, kama mtu anayetega sikio.
Waziri amesema: mama wa elimu, nguzo ya biashara.
Upepo wa El Alto ukampokonya karatasi ya pili,
akamalizia kwa kukohoa.

Nilisimama nyuma, karibu na wauza viazi vikavu,
nikamkumbuka na vumbi la sufi kwenye nyusi.

Alinunua sufi ya alpaka kwenye stendi ya malori
saa kumi alfajiri, maji ya ndoo yameganda.
Kusoma hakujua. Tarakimu alifundishwa
na mlinzi wa mizani ya malori, kwa malipo ya supu.
Herufi zilikuja baadaye, ana miaka thelathini na minne,
kwenye dawati la mwanawe wa mwisho, magoti yakigonga mbao.
Alipopata ghala alilikata kwa ukuta wa matofali mabichi:
huku sufi, huku ubao na madawati kumi na tisa.
Shule ya Hesabu za Biashara,
kwa wanawake waliotia sahihi kwa kidole gumba.
Wenye maduka kule bondeni La Paz walicheka:
"Hawa wa sketi za marinda watajua nini habari ya riba?"
Hakuwajibu. Alikuwa anahesabu.

Ukichelewa, faini. Ukilia, nusu faini.
Mtoto mgongoni aliruhusiwa,
kusinzia hakukuruhusiwa.
"Kushoto kilichoingia, kulia kilichotoka.
Ukurasa usiposawazika, hulali. Mimi pia silali."

Mama yangu hakumpenda.
Miaka sita alimuuzia sufi, na kila mara
gunia lililotoka nyumbani zito
lilifika kwake jepesi.
"Njia inakula," alisema mama,
"au yule mwanamke anakula."
Lakini ndiye aliyenipeleka, akanisukuma mlangoni:
nenda ukajue ni kipi kati ya hivyo viwili.

Mwaka wa tatu tulifundishwa kukagua vipimo.
Niliazima jiwe la kilo kutoka posta,
nikaliweka kwenye mizani ya ghalani, jioni, peke yangu.
Gramu mia tisa na arobaini.
Nikapima tena. Nikapima mara nane.

Nilimkuta akimenya chungwa.
Nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mbuzi.
Hakuinua macho.
"Umechukua miaka mitatu," akasema.
"Nilidhani ungenijia mwaka wa pili."
Akafungua droo, akatoa daftari la sufi,
akanipa penseli: "Piga. Na riba uweke."
Nikapiga usiku kucha. Alfajiri akalipa yote,
akadai risiti,
akanitoza faini ya kuchelewa darasani.

Mpaka leo sijui
kama lile lilikuwa somo, au wizi uliofumaniwa
ukavishwa haraka joho la somo.
Mama alizipokea noti, akazihesabu mara mbili,
akanunua mabati. Jina lake hakulitaja tena,
kwa wema wala kwa ubaya.
Mizani mpya ilikuja wiki ileile. Ile ya zamani
aliitundika darasani juu ya ubao,
bila maelezo.

Sasa nakagua hesabu za benki, ghorofa ya kumi na moja,
na mabenki yananiogopa kidogo.
Wenzangu wameniomba nimtungie shairi la sifa,
vina vikae, mizani itimie, nane kwa nane.
Siwezi. Nimeiona mizani iliyotimia
na ndani yake gramu sitini hazipo.
Chukueni haya, nimeyaacha yapinde
kama kofia yake.
Kushoto nimeandika. Kulia nimeandika.
Taa za bondeni zimeanza kuzimwa moja moja
na ukurasa bado haujasawazika.